Miwani ya Risasi

Nilipokuwa na miaka tisa, jicho la husuda lilikuwa likitolewa bafuni kwetu, Ruwi, ghorofa ya tatu, chini ya tangi la maji ya moto. Bibi yangu mzaa mama, Bi Zuwena, alianza kazi hiyo Unguja. Alifundishwa na mkwewe, na huko akiifanyia uani, milango wazi, upepo unapita, na risasi, madini laini ya kijivu aliyokuwa akiyayeyusha kwa ajili ya mgonjwa, ikiisha kazi ikitupwa baharini siku ile ile, mikono ikisuguliwa kwa jivu. Hayo yalikuwa masharti, na Bibi alikuwa mkali wa masharti.

Muscat hatukuwa na ua. Tulikuwa na tangazo. Mwangalizi wa jengo alilibandika karibu na lifti, lina mihuri miwili: marufuku kutoa moshi barazani, marufuku kukausha samaki madirishani, marufuku kuweka viatu ngazini. Bibi hakujua kusoma, lakini sijaona msomi anayeheshimu muhuri kama yeye. Akahamia bafuni, akafunga mlango na dirisha, moshi usije ukaonekana na serikali. Feni ya kutolea hewa ilikuwa imekufa kabla sisi hatujahamia. Bahari nayo ilitaka teksi, kwa hiyo risasi iliyotumika ikawa inarudishwa koponi, chini ya sinki, ikisubiri mgonjwa mwingine. Husuda za watu kumi zilikuwa zikichanganyika mle, na hakuna aliyeuliza.

Chini yetu, chumba kimoja na jiko, alikuwa akikaa Da Salma na mumewe Khalfan. Walikuwa wenzetu na si wenzetu: Waomani wa Tabora, waliofika miaka mingi baada yetu, Kiswahili chao kikiwachekesha watoto wa jengo. Faili lao la uraia lilikuwa, kwa maneno ya ofisi, linashughulikiwa. Khalfan alikwenda kuliulizia kila mwezi, na kila mwezi alilikuta juu ya meza ile ile, limenenepa kidogo.

Faili likinenepa, yeye alifanya kazi aliyoipata. Katika yadi moja kule mtaa wa Ghala alivunja betri kuukuu za magari, akatoa mabamba ya risasi, akayayeyusha. Alirudi magharibi na vumbi la kijivu mpaka kwenye kope. Da Salma alimvua shati mlangoni, akalikung'uta, kisha akalifua kwa mikono katika karai lile lile alilokandia unga wa chapati. Nimezila chapati zile. Zilikuwa laini kuliko zetu.

Mimba mbili zilikuwa zimemharibikia. Ya tatu ilikuwa imetimia miezi mitano, na Da Salma alitembea nayo kama mtu aliyebeba maji kwenye sinia.

Jirani yetu wa mlango wa pili, Bi Thuraya, alikuwa muuguzi. Alivaa miwani minene, hakuwa ameolewa, hakuwa na mtoto, na alikuwa na tabia ya kusema anachokijua. Jengo lingeweza kumsamehe mawili kati ya hayo, si yote manne. Siku moja alimkuta Da Salma ukumbini kwetu, akakaa, akapokea kahawa.

"Salma, nguo za mumeo usizikung'ute ndani. Azifue hukohuko kazini. Na Jumapili unakwenda na mie. Nshasema na daktari, habari ya kadi ya matibabu n'achie mimi. Watakupima damu."

"Damu tena, Bi Thuraya? Si wameshanitoa ya kutosha jamani?"

"Ya risasi. Hiyo anayoivunja Khalfan inakuingia wewe, na kwako inampata mtoto."

Bibi alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Risasi? Risasi ndo dawa, we Thuraya! Miaka arubaini naishika mie. Ingekuwa inaua, ungekuwa unazungumza na nani hapa?"

"Mikono yako inatetemeka tangu lini, Bi Zuwena?"

"Tangu nilipoanza kusikiliza wauguzi."

Tulicheka sote: mama, dada yake khaloo, Da Salma mwenyewe akiziba mdomo kwa ushungi. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote, maana nilikuwa katika umri wa kutaka kuonekana nimefahamu. Bi Thuraya akamaliza kahawa yake, akakitikisa kikombe kuonyesha imemtosha, akaondoka. "Jumapili saa moja," alisema mlangoni. "N'takugongea."

Mlango ulipofungwa Bibi akabadilika uso.

"Umeona alivyokuwa akikutazama tumbo? Asiyezaa akikuhesabia miezi, mimba haifiki, n'nakwambia. Ijumaa njoo nikutoe."

Wiki ile Khalfan alikuwa amemletea zawadi: kopo zima la maziwa ya unga, limejaa vipande vya risasi. Bibi alilipokea kwa mikono miwili. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumpa kitu kilichomfurahisha zaidi.

Ijumaa, kabla ya sala, Da Salma alikalishwa bafuni juu ya kigoda, akafunikwa shuka jeupe. Mama na khaloo waliishika beseni ya maji juu ya kichwa chake. Jikoni, upawa wa chuma ulikuwa juu ya moto, na jiko la pili lilikuwa na sufuria ya pilau. Risasi ilipoyeyuka ikawa inang'aa kama kioo, na harufu yake ikakaa kooni, chungu, kali, harufu ya kitu kilichooza bila kuwahi kuwa hai. Hata leo nikipita nyuma ya gereji Ghala huipata, na mate hunijaa.

Bibi akaja na upawa, akisoma, akaimimina ndani ya beseni. Ikalia. Moshi ukapanda, ukagonga dari, haukuwa na pa kwenda, ukatushukia. Mara ya kwanza kichwani, mara ya pili tumboni, mara ya tatu miguuni. Da Salma alikohoa chini ya shuka na khaloo akafurahi: "Linatoka, linatoka!"

Baadaye Bibi aliingiza mkono, akakitoa kipande cha mwisho, akaniita.

"Njoo, mjukuu wangu. Mtoto hana uwongo. Unaona nini?"

Desturi ilikuwa hivyo. Risasi ikiganda majini hupata umbo, na umbo humtaja mwenye jicho. Mtu mzima ana wake anaowachukia. Mtoto ndiye hakimu.

Mimi sikuona kitu. Niliona tonge la kijivu lenye matundu mawili yaliyoshikana. Lakini watu wazima wanne walikuwa wamenyamaza wakinisubiri, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla wala baada ya hapo, na nilijua, kama anavyojua mtoto yeyote anayependa alama kumi kwa kumi, jibu gani lilikuwa likitakiwa.

"Miwani," nikasema.

Khaloo akapiga kelele, "Subhanallah!" Mama akanitazama, kisha akatazama pembeni. Bibi alikiinua kile kipande kwenye taa, akakigeuza. Da Salma alianza kulia chini ya shuka, kilio chepesi, cha mtu aliyeambiwa hatimaye ugonjwa wake unaitwaje.

Kisha akapewa maji ya beseni, mafunda matatu. Yalikuwa na utando juu. Aliyanywa, akajifuta.

"Yana ladha ya funguo," alisema, akacheka kidogo.

Jumapili, ambayo kule ni siku ya kazi na skuli, nilikuwa nimekaa ngazini nikisubiri basi la skuli. Bi Thuraya alishuka na sare yake nyeupe, akagonga kwa Da Salma. Ndani maji yalikuwa yakitiririka bombani, na alipogonga yakafungwa. Akagonga tena, akaita jina. Alisimama muda mrefu, mkoba begani, kisha akaniona.

"Salma yumo?"

"Sijui," nikasema.

Alinitazama kwa miwani ile, akashuka zake. Hakugonga tena mlango ule, na jengo zima likaacha kumwitikia salamu vizuri. Mwaka haukwisha akahamia mtaa wa Azaiba.

Mtoto alikuja kwa miezi saba, wa kike. Aliishi tangu asubuhi mpaka alasiri. Bibi alilia kwa uchungu wa kweli, sijapata kumwona akilia vile, na katikati ya kilio akasema, "Si niliwaambieni? Si nilisema haifiki?" Watu wakaitikia kwamba alisema. Onyo la Bi Zuwena likaingia katika historia ya jengo kama jambo lililothibitika. Wale waliokuja kuwaaga Khalfan na mkewe walipokuwa wakirudi Tabora, faili likiwa bado linashughulikiwa, walimwona Da Salma akiinama kumbusu Bibi mkono.

"Mama, wewe ulijitahidi," alimwambia.

Nimekuwa nikisoma tangu hapo, pengine kwa sababu hiyo. Nimesoma kwamba Warumi walichemshia maji ya zabibu katika vyombo vya risasi wakayasifu utamu wake. Nimesoma kwamba mwili hauijui risasi. Huidhania chokaa, ukaiweka akiba mifupani, na mimba inapokuja mama huitoa akiba hiyo na kumpa mwanawe, kwa mapenzi yote. Siwezi kuapa ndiyo iliyomuua mtoto wa Da Salma. Hakuna aliyewahi kumpima mama yake, kwa hiyo katika makaratasi hakufa kwa kitu chochote. Ninachojua ni kwamba mwanamke aliyekuwa akifua vumbi la risasi kila siku tulimtibu kwa kumfungia katika moshi wa risasi, tukamnywesha maji yake, na mtu mmoja aliyekuja kumtoa mle nilimfungia mlango mimi. Bibi nimemsamehe, aliamini. Mimi sikuamini. Mimi nilikuwa nakisia jibu la mtihani. Nikikumbuka utamu wa kusifiwa siku ile, na pilau niliyoila baadaye, sahani mbili, nasikia kinyaa ambacho hakitokani na harufu.

Leo nasahihisha nyaraka katika idara moja, na fomu nazijua zinavyozaliwa: mtu mmoja anauliza, watu sita wanapiga muhuri, hakuna anayesoma majibu. Basi mwaka huu, katika umri ambao madaktari huutaja kwa adabu, nimepata mimba, na kliniki wakanipa fomu. Swali la kumi na saba liliuliza kama nimewahi kuwa karibu na risasi, zebaki au madini mengine yenye sumu, kazini au nyumbani. Ndiyo, Hapana. Kama Ndiyo, eleza. Nafasi ya kueleza ilikuwa nusu mstari.

Nilikaa na kalamu. Nikaandika: Nilisema ni miwani.

Muuguzi, msichana mdogo wa kwetu, aliisoma mara mbili.

"Mama, hii sijaifahamu. Kompyuta inataka Ndiyo ama Hapana tu. N'kuwekee Hapana, tusikucheleweshe?"

"Weka Ndiyo."

"Nikiweka Ndiyo itabidi upimwe damu, na maabara leo foleni mpaka nje."

"Weka Ndiyo, mwanangu."

Akaweka. Nikaenda kukaa kwenye foleni, nyuma ya wanawake wengi, wengine wameshika kadi zao mkononi kama watu wasioamini kwamba hawatanyang'anywa. Ilikuwa Jumapili, na nilikuwa na miezi mitano. Mlango wa maabara ulipofunguliwa na jina langu likaitwa, niliitika mara ile ile ya kwanza, kabla halijarudiwa.