Maji ya Isoko

Harufu inayonirudisha utotoni si ya dagaa, ingawa kijiji chetu, kusini mwa Ujiji, kilinuka dagaa mwaka mzima. Ni harufu ya kutu iliyolowa. Nikiinusa popote, iwe kwenye geti lililonyeshewa au ndoo kuukuu, huiona blauzi nyeupe ya shule ikitolewa majini ikiwa na rangi ya chai, na dada yangu Zaituni ameishika kwa ncha za vidole, asiamini.

Ziwa lilikuwa mlangoni petu, lakini baada ya kipindupindu kupita nyumba kwa nyumba, Mama aliapa kwamba tone la ziwani halitaingia tena mtungini mwake. Maji safi yalikuwa mlimani, kwenye chemchemi iliyobubujika chini ya jabali, kando ya barabara ya magari ya mbao. Mgongo wa Mama ulikuwa umekwisha kuharibika kwa mizigo. Kwa hiyo Zaituni, aliyekuwa darasa la sita na aliyewashinda wenzake wote kwa hesabu, aliondolewa shuleni ili apande na kushuka na ndoo. Baba hakuwa mkatili. Alimwahidi mbele yetu sote: “Siku maji yatakapotoka hapa kijijini, siku hiyo hiyo utavaa sare.” Ahadi ni deni, na Zaituni aliishi kwa kuingojea ile.

Kiangazi kimoja zikaja habari kwamba wafadhili wanatuletea mtambo wa kuchimba kisima kirefu. Zaituni alifumua pindo la sketi yake, kwa kuwa alikuwa amerefuka, akalishona upya na kuitundika sare msumarini. Mtambo ulifika ukinguruma, na fundi mkuu, mtu wa pwani mwenye mizaha, akaja na mwenyekiti wa kijiji kumwuliza bibi yetu, mkongwe kuliko wote pale, ni wapi maji hayakauki.

“Isoko, mwanangu,” Bibi alijibu.

“Sokoni?”

“Ehe, isoko. Kwingine mtajichosha.”

“Hapo si pana fujo, bibi?”

“Fujo ipo. Wasichana wanasukumana tangu alfajiri. Ukichelewa unakuta matope.”

Fundi akacheka. “Basi tutawachimbia hapo hapo, mpime dagaa na maji kwa mzani mmoja.” Bibi naye alicheka, kwa adabu, bila kuuelewa mzaha.

Katika Kiha cha kwetu, isoko ni chemchemi. Mahali pa kuuzia dagaa sisi tulipaita gulioni, na hapakuwa na mtu wa kwetu ambaye angesikia jibu la Bibi akafikiria meza za samaki. Lakini fundi hakujua Kiha, na Bibi alikijua Kiswahili nusu nusu. Mpaka hapo sina wa kumlaumu. Kuteleza si kuanguka.

Ila mtambo uliposimikwa gulioni, kijiji kizima kilikuwa pale kikitazama, na wengi walijua. Mwenyekiti alijua kuliko wote, kwa kuwa aliyasikia maneno ya Bibi kwa masikio yake. Na hoteli yake ya chai na maandazi ilipakana na gulio. Bibi alijikongoja hadi pale akasema kwa Kiha kwamba si hapo. Fundi akauliza anasema nini. “Mzee wetu anawaombea baraka,” mwenyekiti akamfasiria. Zaituni akamshika Baba mkono: “Baba, waambie.” Baba akautoa mkono wake taratibu. “Wenye mtambo wana vipimo vyao. Sisi ni nani tuwasahihishe?” Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga, lakini mgeni huponya akielekezwa, na wenyeji wetu walichagua kuitwa waungwana.

Maji yalitoka. Vigelegele vilipigwa, mwenyekiti akahutubia, mtambo ukaenda zake. Zaituni aliteka ndoo moja akafulia blauzi yake, nayo ndiyo niliyoieleza. Chai ya maji yale iligeuka nyeusi na ugali ukawa wa kijivu. Kila kitu kilikuwa na ladha ya msumari. Jioni ile alisimama mbele ya Baba, ameivaa blauzi vile vile ilivyo.

“Baba, ulisema maji yakitoka.”

“Nilisema maji,” Baba akamjibu, macho yake chini. “Haya si maji.”

Kesho yake Zaituni alichukua ndoo akapanda mlima. Blauzi ilikatwa matambara ya kufutia vioo vya taa. Mimi, mdogo wake, niliendelea na shule, nikinywa na kuogea maji ya kichwani pake, hadi nikafika nilipofika.

Siku hizi kuna kisima kingine, kilichochimbwa kando ya isoko yenyewe, na mabomba yanashusha maji hadi mlangoni pa Zaituni. Njia ya mlimani imemezwa na nyasi. Kile cha gulioni kimebaki chuma cha kufungia mbuzi, na hotelini kwa marehemu mwenyekiti wanawe bado wanauza maandazi. Nilipokwenda kumsalimu Zaituni mara ya mwisho, nilimkuta akianika blauzi ya shule ya binti yake wa mwisho. Aliikung’uta, akaigeuza juani upande huu na huu, kama mtu anayetafuta doa.

“Maji meupe haya, dada,” nilisema.

“Yalikuwa meupe siku zote,” akajibu, asinitazame. “Tuliwaambia yako wapi.”