Aliyenipa Spana

Mnaotaka kucheka, chekeni mmalize, maana mimi siongezi chumvi. Hili lilinipata mwenyewe, uani kwangu Msambweni, mchana kweupe.

Marehemu baba aliniachia gari kuukuu, Pijo 404, alilolinunua enzi za kazi yake kiwanda cha sukari Ramisi. Miaka mingi lilikaa likiota kutu chini ya mkorosho. Nilipofiwa na mke wangu, rafiki yangu Nassoro, fundi umeme wa hoteli huko Diani, akaniambia, "Tulifufue gari hili. Binti yangu Mwanasha atakwenda nalo harusini." Basi ikawa kila Jumamosi anakuja, tunakwangua kutu, tunabishana, tunakunywa kahawa. Niseme kweli? Nyumba ile ingenimeza lau si Jumamosi.

Siku hiyo nimelala chini ya gari, jua la utosi, saa za majini, ambazo wazee walitukataza kuzurura. Nikaona miguu ya Nassoro na ndara zake za buluu. Hodi hakupiga, naye hukosa kula lakini hodi hakosi. "Asalaam aleikum," nikamwambia. Kimya. Nikadhani amechoka. Nikanyoosha mkono, akanipa spana niliyoihitaji kabla sijaitaja.

Ukilala chini ya gari humwoni usoni unayesema naye, na ulimi hulegea. Nikamwambia nisilowahi kumwambia: "Wallahi naogopa. Gari likipona, hutakuja tena."

"Basi lisipone," akajibu. Sauti ni ya Nassoro, haki ya Mungu.

Nikatoka nicheke naye. Uani hapakuwa na mtu. Nikampigia simu.

"Niko Mkwiro tangu jana, nimekuja mazikoni," akasema. "Kwani vipi?"

Nikaitazama spana mkononi mwangu, nikakata simu.

Gari halikupona. Ukitengeneza kabureta, radieta inavuja. Ukiziba radieta, breki zinakwama. Asubuhi ya harusi liligoma kabisa, Mwanasha akaondoka kwa tuktuk, hina mikononi na machozi machoni. Nassoro alibaki akifuta vumbi kwenye boneti. Roho iliniuma, nikamweleza yote.

Akaacha kufuta. "Ungeniambia mimi," akasema, "ningekujibu nitakuja hata ukiliuza."

Bado huja, na gari bado bovu. Lakini simfungulii lango mpaka apige hodi na kuitikia salamu yangu. Nawe uliye na neno moyoni, mpe mwenyewe. Ila msalimu kwanza, na umsikie akiitikia.