Ndege za Athmani wa Magongo

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, nilipovaa buibui langu nikafuatana na ami yangu Bakari hadi Magongo, karibu na uwanja wa ndege, tukijifanya watu wanaotafuta chumba cha kupanga. Chumba hatukukihitaji, kwetu Likoni tulikuwa na nyumba ya kututosha. Tuliyemfuata kule ni kijana aitwaye Athmani, aliyekuwa ameleta posa kwa mdogo wangu Zuhura.

Baba yetu, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kukubali posa wala kuikataa kwa pupa. Aliuliza huku na huku kama desturi, na habari zikaja. Kijana anasali, kijana ana kazi ya kupakia mizigo kwenye ndege, kijana hana ugomvi na mtu. Lakini ana jambo lake moja. Akitoka kazini hujifungia chumbani akacheza na vindege vya plastiki. Mtu mzima, ana ndevu!

Ami Bakari aliposikia hayo alicheka mpaka akakohoa. Yeye alikuwa kuli wa bandarini miaka mingi, mtu wa mabega mapana na sauti kubwa, na kwake mwanamume alikuwa mtu wa kubeba magunia. Akasema Zuhura hataolewa na mtoto, na kwamba yeye anamjua kijana mwingine, mtoto wa rafiki yake, mwenye duka. Zuhura akaingia jikoni akalia juu ya sufuria. Nami, mwanangu, nilikuwa upande wa ami. Niliona aibu kwamba watu wataniuliza shemeji yangu anafanya nini, nami nijibu nini?

Baba akatusikiliza sote, kisha akasema, "Nendeni mkamtazame. Asijue nyinyi ni kina nani."

Basi ndivyo tulivyofika Magongo. Mwenye nyumba alimopanga yule kijana akatuonyesha chumba kilichokuwa kitupu, kisha akatuambia tumuulize jirani wa mlango wa pili habari za maji na utulivu wa nyumba. Jirani huyo ndiye Athmani. Mlango wake ulikuwa wazi. Alisimama haraka akamwamkia ami, "Shikamoo mzee," akatuvutia viti, akatupa maji ya kunywa. Alikuwa mwembamba, vidole virefu, na kwenye kidole kimoja gundi imekauka kama ngozi ya pili.

Nikainua macho ukutani, nikasahau nilichotumwa.

Sijui nikueleze vipi. Mbao zilikuwa zimepigiliwa ukuta mzima, na juu yake ndege, mwanangu, ndege. Nyingine ndogo za kutosha kiganjani, nyingine kubwa kama samaki wa kuliwa na nyumba nzima. Za zamani zenye mabawa mawili mawili, moja juu ya jingine. Za vita zenye pua kali. Za abiria, na vidirisha vyake mstari mmoja, kila kimoja kimepakwa rangi kwa brashi ya unywele. Nilisogea nikaona hata ngazi, hata kamba za mikanda ya viti ndani ya zile za zamani zilizo wazi juu. Nilikuwa nimejiandaa kuona vitu vya kuchezea. Nilivyoviona pale vilinifanya niteremshe sauti bila kuambiwa.

"Umezipata wapi?" nikamuuliza.

"Kongowea, dada. Kwenye marundo ya mitumba ya vitu vya watoto huwa mna maboksi yake. Wenyewe huko Ulaya walizianza wakachoka, au hawakuzianza kabisa. Zaja zikiwa vipande tu, na vingine havimo. Kile kisichokuwamo nakichonga mwenyewe."

Akatuonyesha. Gurudumu lililotokana na ndara kuukuu. Mkia aliouchonga kwa wembe kutoka kwenye kifuniko cha mkebe wa siagi, akaupiga msasa mpaka usiweze kuutofautisha na ule uliotoka kiwandani.

"Na faida yake nini?" akauliza ami kwa ile sauti yake.

Athmani akafikiri kidogo. "Kazini naziona mchana kutwa, mzee. Nazijaza mizigo, zinaondoka, basi. Hapa nikiijenga moja naijua imefungwaje. Nafurahi tu kuijua."

Juu ya meza palikuwa na moja kubwa, ya mapangaboi, bado haijamalizika. Ami akainyakua kama unavyonyakua nazi sokoni. "Na hii, yaruka?"

"Hairuki, mzee. Tafadhali, ishike kwa..."

Hakumaliza. Bawa lilikatika. Ami katika kulidaka akagonga mkia, mkia nao ukang'oka, na pangaboi dogo likaviringika uvunguni mwa kitanda.

Nilimtazama Athmani. Uso wake ulibadilika, midomo ikakazana mpaka ikapoteza rangi. Kwake sisi tulikuwa wapita njia tu, watu ambao angeweza kuwatimua na hakuna ambaye angemlaumu. Akasema, "Narudi," akatoka.

"Twende zetu," ami akaninong'oneza. "Amekwenda kutafuta rungu."

Tukasikia maji ya mfereji yakimwagika uani. Aliporudi alikuwa ameloa uso na mikono hadi viwikoni. Akasema, "Samahanini, nimewaacha peke yenu." Kisha akamtazama ami miguuni. "Mzee, usisogeze mguu. Kuna kipande karibu na kisigino chako."

Sote watatu tukapiga magoti sakafuni kutafuta vipande. Ami yangu, mtu wa magunia, akitambaa uvunguni akipapasa kwa kidole! Akalipata pangaboi, akalitoa kwa mikono miwili kama anayetoa yai.

"Kijana," akasema, "huna hasira wewe?"

"Ninazo, wallahi. Ile kazi ya bawa ilinichukua mwezi mzima. Ndiyo maana nikatoka nje."

Akapaka gundi, akaunganisha, akamwambia ami, "Shika hapa, mzee. Usikaze, usilegeze. Mpaka nikwambie." Ami akakaa juu ya kile kiti kidogo, amelishika bawa kwa vidole viwili, hata kupumua anapumua kwa adabu. Mimi nilijizuia nisicheke, halafu nikaona kumbe si kicheko kilichonijaa kifuani. Nilikuwa natazama mikono miwili, ya mzee na ya kijana, imekutana juu ya kitu chepesi kile, na yule aliyevunjiwa anamfundisha aliyevunja, bila hata kumsuta.

Njia nzima ya kurudi ami alikuwa akivitazama vile vidole vyake viwili. Kwa jinsi nilivyomjua, hilo lilinitia hofu.

Baada ya Maghrib baba akatuita. Akaanza na mimi. "Haya, mama. Ulionaje?"

"Abee baba. Ni kweli ana ndege. Chumba kizima ni ndege, za kila namna, nyingine..."

Akaninyamazisha kwa mkono. "Nilikutuma ukamtazame mtu, mwanangu, wewe waniletea habari za vitu vyake. Yeye mwenyewe je?"

Nikainama. Nilitaka kuanza upya, ami akanitangulia. "Kaka, nimemvunjia kitu chake alichokipenda, mbele ya macho yake, naye hanijui. Kimemuuma, nami nimekiona kimemuuma. Lakini hakunivunjia heshima. Mpe Zuhura." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na nimemuahidi nitarudi Ijumaa."

Siku wazee wa Athmani walipokuja kupokea jawabu, yeye mwenyewe akaingia nyuma yao, kichwa chini. Alipokiinua akamwona ami amekaa karibu na baba, kanzu nyeupe, kofia. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikaona jinsi alivyoduwaa.

Ami akamuuliza, "Imekauka?"

"Imekauka, ami."

Watu wote wakatazamana, hawakuelewa. Sisi nyuma ya pazia tulizibana vinywa kwa leso, na Zuhura akanifinya mpaka nikapata alama.

Walihamia Mishomoroni, wakajaliwa watoto. Ami Bakari alikwenda kwao karibu kila Ijumaa mpaka alipokufa, na alifariki akiwa na ndege zake mwenyewe ukutani, zilizopinda kidogo, ambazo hakuruhusu mtu kuzishika.

Lakini kilichonifanya nikuhadithie haya ni cha karibuni. Zuhura alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalala. Alikata tamaa, hataki kula, hataki kuonwa. Athmani alimlisha na kumwogesha, na alipoanza kupata nguvu kidogo akamwekea mezani ndege isiyo na rangi, akamtia brashi mkononi. "Nipakie rangi vidirisha hivi," akamwambia. Zuhura akalia, rangi ikaenda mpaka bawani. Kesho yake akamwekea tena. Nami nilikuwapo siku moja, nikaona anavyongoja, hamshiki mkono, hamharakishi, mkono ukitetemeka dirisha moja robo saa. Leo dada yangu anachambua mchele kwa mkono ule ule, alhamdulillah. Na zile ndege zilizopakwa ovyo ndizo zilizowekwa mbele, mgeni akiingia azione kwanza.

Basi nikuase, mwanangu. Ukimkuta mtu ana jambo lake analolipenda, usimcheke kwa kuwa wewe hulijui. Kaa, tazama anavyolishika. Na unapotaka kumjua atakayeishi nawe, usihesabu alivyo navyo, subiri umwone siku kitu chake kimevunjika na aliyekivunja hana cha kumlipa. Hasira atakuwa nazo, naye ni binadamu. Angalia anazipeleka wapi. Nawe pia jitafutie kazi ya mikono inayokulazimisha kungoja, hata kama watu hawataona faida yake, maana siku utakayotakiwa kumngojea mtu, mikono itakuwa imeshajua.

Mwenyezi Mungu akukutanishe na mwenye subira, nawe akufanye mwenye subira kwake. Akupe nyumba yenye utulivu, na akulindie mikono yako mpaka uzeeni. Amin.