Maji Niliyomnyima Zaituni

Jamani, mimi mnayeniona hapa nimeshafika mlangoni mwa kaburi nikarudishwa. Nitasema yote, hata yanayonitia aibu.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mkulima wa kawaida, na mdomo mrefu kuliko jembe langu. Mimi na mume wangu, Juma, tulihamia kijiji kipya cha ujamaa huku Ruhembe, pamoja na mama yake na binti yetu Zaituni, wa miaka mitatu. Asubuhi tulilima shamba la kijiji, jioni letu. Maji tulichota kisimani tukanywa vilevile bila kuchemsha.

Masika yale Zaituni akaanza kuharisha maji matupu. Kwetu mtu anayeharisha hakupewa maji, tukiamini unamwongezea cha kuharisha. Mama mkwe akaniambia, "Akilia, mloweshe midomo tu." Nikatii. Siku ya pili ngozi yake ilikauka na kukunjamana. Nikadhani ni ukavu wa juu tu, nikampaka mafuta ya nyonyo mwili mzima, nikarudia tena na tena. Alilia bila machozi, akinyoosha mkono kwenye mtungi. Nikausogeza mtungi mbali. Siku ya tatu hakulia tena. Tukamzika alasiri.

Hata wiki haijaisha, ugonjwa ukanishika mimi. Niliharisha na kutapika mpaka miguu ikakakamaa. Macho yalizama, ulimi ukawa mkavu, mkojo ukakatika kabisa. Juma alinifunga kwenye baiskeli akanisukuma hadi zahanati.

Tabibu alinifinya ngozi ya tumbo, akaiachia. Ilibaki imesimama pale pale alipoishika.

"Mwili huu hauna maji," alisema.

Nikamwambia kwa sauti ya kukwaruza, "Nipakeni mafuta."

"Mafuta yatakusaidia nini, mama? Ngozi hulishwa kwa ndani, kwa maji unayokunywa. Unaharisha, kwa hiyo unywe zaidi."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichomfanyia mwanangu. Tabibu hakuwa na dripu hata moja. Alikoroga maji ya chumvi na sukari kwenye kikombe, nikabana meno. Nilitaka kufa, nawaambia kweli. Nikayatema mara mbili. Juma alilia, sikujali.

Mama mkwe akafika kwa miguu. Hakungoja hata nimwamkie.

"Mimi ndiye niliyekukataza usimpe," alisema. "Basi nichukie mimi. Ila kunywa, mwanangu, usinizikishe wawili."

Alinishika kidevu akaninywesha kijiko kimoja kimoja, tangu adhuhuri mpaka magharibi. Kesho yake nilikojoa kidogo, mkojo mweusi kama chai ya rangi. Siku ya nne tabibu alinifinya tena, ngozi ikarudi mahali pake mara moja. Juma alicheka. Mimi nililia, na safari hii machozi yalitoka.

Namshukuru Mungu, namshukuru tabibu yule, na mama mkwe, ambaye sikuweza kumchukia. Mtoto wako akiharisha, mpe maji yaliyochemshwa, kidogo kidogo, bila kuacha, na umpeleke zahanati. Mfinye ngozi. Ikichelewa kurudi, usitafute mafuta, kimbia.

Watu hunifariji kwamba siku za Zaituni zilikuwa zimefika. Huwa naitikia, ili wasiumie. Lakini mimi najua mwanangu alikufa kwa kiu, na maji yalikuwemo ndani ya nyumba.