Skrubu Mbili za Ubavuni

Kabuya fundi kinga, yaani fundi baiskeli, alikuwa muoga, na tuseme hivyo wazi tusizungukezunguke. Aliogopa mvua, aliogopa askari wa barabarani, aliogopa simu inayolia alfajiri, aliogopa hata kusifiwa. Jenny, mke wake, aliyeuza mikate pembeni ya kibanda chao karibu na stesheni, alizoea kumtania: "Papa Kabuya, siku moja utaona kivuli yako na utakimbia mpaka Bukama!" Watu walicheka. Yeye pia alicheka, lakini kuogopa hakuacha.

Sababu alikuwa nayo. Alizaliwa hapahapa Kamina, baba yake karani wa reli aliyetoka Kasai. Mwaka wa tisini na tatu, Kabuya akiwa na miaka kumi na minne, waliambiwa waondoke kwa kuwa ni Wakasai. Walilala stesheni wiki tatu wakingoja treni, na mdogo wake Théo akafia palepale kwa kuhara. Huko Mwene-Ditu walikofikia alijifunza kazi ya kutengeneza kinga. Miaka kumi baadaye alirudi. Kwao ni Kamina, aende wapi tena? Majirani walimpokea vizuri, wakampa kazi, wakamwita fundi. Lakini kila alipomkabidhi mtu kinga yake, wazo lilikuwa lile lile: nikikosea, hawatasema fundi amekosea. Watasema Mkasai alitaka kutuua.

Kwa hiyo alikaza kila kitu mara tatu. Na kwa miaka ishirini hakuna aliyeanguka kwa mkono wake.

Sasa sikilizeni kilichotokea mwezi wa tano. Mama Augustine Nyembo, muuguzi wa chanjo, mwanamke wa miaka hamsini na kitu mwenye sauti ya kuamsha kijiji, alimletea kinga yake ya milima. Kila wiki aliipanda na sanduku la barafu lenye dawa za watoto, akateremka ule mteremko mrefu wa mto mpaka vijiji vya ng'ambo. Kinga ilikuwa imechoka. Ukigeuza usukani, ndani ya shingo kulikwaruza, maana gololi zilikuwa zimeliwa na kutu. Ule uma wa mbele unaoshika gurudumu, ambao sisi tunauita fourche, ulikuwa mgumu kama mti, na kila shimo la barabara lilimfikia Mama Augustine mabegani. Kaka yake wa Likasi alikuwa amemtumia fourche mpya yenye springi, pamoja na rulma, yaani beringi mpya za kufungwa, zile ambazo gololi zake huzioni.

"Fanya muzuri, fundi," alisema. "Minyi si mutoto tena. Nikianguka sitaamuka."

Mtu anamwambiaje Kabuya neno kama hilo, jamani? Hakulala vizuri usiku ule. Asubuhi aligonga vikombe vya zamani vya gololi vikatoka, akasugua ndani ya bomba la shingo mpaka likang'aa, akapaka grisi, akaziingiza rulma taratibu kwa kipande cha mbao asiziumize. Akapandisha fourche. Akaweka usukani. Juu kabisa kulikuwa na kifuniko chenye skrubu moja, na ubavuni mwa shingo ya usukani kulikuwa na skrubu mbili ndogo.

Hapo ndipo alipokosea. Kinga zote alizofundishiwa, zile nyeusi za chuma ambazo baba zetu walibebea makaa, skrubu ya juu ndiyo inayoshika kila kitu. Ukiikaza hiyo, umemaliza. Akaikaza ya juu kwa nguvu zake zote, mara tatu kama kawaida yake. Zile za ubavuni alizizungusha kwa vidole tu, akidhani ni za kupendezesha. Akakamata freni, akaisukumasukuma kinga mbele na nyuma, haikucheza. Akaizungusha uwanjani, ikatii. Alhamisi asubuhi Mama Augustine alifunga sanduku lake nyuma, akapanda, akaisifu springi kwa sauti mpaka Jenny akapiga makofi, akaondoka.

Saa nzima ikapita. Kabuya akaanza kinga ya pili ya namna ile ile, ya Laetitia, mwenzake Mama Augustine kazini. Fourche ikaingia, skrubu ya juu ikakazwa mara tatu. Lakini usukani ulikuwa umekaa upande kidogo. Akalibana gurudumu katikati ya magoti, akashika usukani kwa mikono miwili, akavuta kuunyoosha.

Usukani ukageuka. Gurudumu likabaki palepale.

Akavuta tena. Usukani ukazunguka peke yake, kulia, kushoto, na gurudumu halina habari. Akazitazama zile skrubu mbili za ubavuni. Akaikaza moja, kisha ya pili, akavuta. Sasa gurudumu likafuata.

Mama yangu! Kumbe ile ya juu haishiki kitu! Kumbe kule mbele, mwanamke anaelekea mteremkoni juu ya usukani uliowekwa tu pale kama kofia! Jenny alimwona mume wake anainuka, midomo imekauka, anatafuta simu ambayo anaishika mkononi.

"Papa, nini?"

"Nimemuua Mama Augustine."

Alipiga simu. Haikupita. Alipiga mara ya pili, ya tano. Papy, kijana wa pikipiki aliyekuwa anakula mkate, hakumaliza hata kuuliza. Kabuya alikwisha kupanda nyuma yake, funguo za kazi mfukoni, anampiga begani. "Twende kwa mto! Kimbiza!"

Njiani Kabuya aliogopa kama hajawahi kuogopa. Kila mtu waliyempita, Kabuya alimtazama usoni kuona kama analeta habari. Aliona kundi la watu wamesimama kwenye barabara, roho ikamtoka, kumbe ni mbuzi anauzwa. Alijaribu kuomba, maneno yakagoma. Alichokisikia kichwani ni hesabu ya mapindo, zile kona za mteremko ule: pindo la kwanza dogo, la pili kali, na upande wa chini mawe mpaka majini.

Walipofika juu, alimwona. Yuko chini yao kidogo, kitambaa cha kichwa chekundu, sanduku nyuma, amelipita pindo la kwanza na anashika kasi.

"Mama Augustineee! Simama! Usikate kona!"

Upepo uliyala maneno. Akalifikia pindo la pili. Kabuya aliona mikono yake ikiugeuza usukani kushoto, vizuri kabisa, kama mtu anayejua njia yake. Gurudumu halikugeuka. Kinga ikaenda moja kwa moja, ikatoka barabarani, ikaingia kwenye majani marefu, na kile kitambaa chekundu kikapotea.

Kabuya aliruka kabla pikipiki haijasimama. Alikimbia, akaanguka, akainuka, akakimbia. Machozi yalikuwa yanamtoka naye hajui.

Alimkuta amekaa kwenye kichuguu, kiatu kimoja hakipo, kiwiko kinatoka damu. Kile kichuguu ndicho kilichomzuia, hatua nne kabla ya mawe. Sanduku lilikuwa bado limefungwa. Mama Augustine alimwona, akafungua mikono.

"Fundi! Weye? Umetokea wapi? Leza Mungu njo alikutuma! Niliteleza mu muchanga, angalia, kidogo tu nife!"

Papy alikuwa nyuma yake, anahema. Wote wawili walikuwa wanamtazama Kabuya kama mtu mwema. Na njia ya kutokea ilikuwa wazi mbele yake: mchanga, Mungu, asante, basi. Angezikaza skrubu kimya kimya na hakuna ambaye angejua. Alitaka sana kunyamaza. Alilitaka hilo kuliko kitu chochote.

"Haiko muchanga, mama," alisema, na sauti ikawa ndogo. "Iko minyi. Zile skrubu mbili sikukaza. Nilizani ya juu njo inashika yote, sawa kinga ya zamani."

Mama Augustine alishusha mikono. Alifuta damu kwa ncha ya kikwembe chake, polepole, bila kumwondolea macho.

"Ulizani."

"Nilizani, mama."

Kabuya akangoja lile neno, Mkasai. Miaka ishirini alikuwa analingoja. Papy alitazama pembeni.

"Kaza," akasema Mama Augustine.

Akakaza. Ufunguo ulimdondoka mara mbili kwenye majani. Akalibana gurudumu kwa magoti, akavuta usukani mpaka shingo ikamsimama mishipa. Gurudumu likafuata.

"Umekaza?"

"Nimekaza."

"Kweli?"

"Kweli, mama."

"Basi panda weye. Uteremuke na sanduku mpaka pa daraja. Minyi nitakuya na miguu."

"Mama, Papy iko na pikipiki, anaweza—"

"Sikuomba pikipiki."

Alipanda. Mapindo yalibaki matatu, na kwa kila moja alijua kwamba anakufa, na kwa kila moja alipiga kelele bila haya, huku gurudumu likigeuka alikoligeuza. Chini, kando ya daraja, akina mama walikuwa wamekaa na watoto mapajani, wengi, toka asubuhi. Waliinuka kulipokea sanduku. Mmoja alimpa pole. Kabuya alikuwa ameweka mguu mmoja chini, amesimama hivyohivyo, vidole vimegandia usukani, na alipotaka kuvifungua havikufunguka.

Mama Augustine alifika akichechemea. Hakuwasalimu watu kwanza. Alikuja mpaka kwa fundi, akaushika mkono wake wa kulia, akakibandua kidole kimoja, kisha cha pili, kama anavyofanya kwa mtoto anayeogopa sindano.

"Acha sasa, Papa Kabuya," alimwambia. "Iache. Hii njo kinga yangu ya kurudia nyumbani."