Siku Gududia Alipomlisha Babu Mstaafu

Sikutaka kuandika. Kalamu na vidole vyangu havipatani, na nyie wajukuu mna midomo, mngesimulia wenyewe. Lakini mnasimulia uongo, eti mji wetu wa Thamugadi uliangushwa na tetemeko. Tetemeko gani? Niliuona ukibomolewa.

Mji ulijengwa na askari wastaafu wa Roma. Mmoja ni babu yetu wa kale, aliyepewa shamba la mizeituni, akazikwa nje ya lango la magharibi. Walinyoosha njia, wakajenga mabafu na ukumbi wa michezo, watu wakafurika mpaka nje ya kuta. Baadaye wakubwa wakakimbia, mabafu yakapoa, mbuzi wakalala ukumbini. Ndipo watu wa milimani wakashuka kubomoa kila kitu, ili askari wa Roma wakirudi wasipate tena pa kukaa.

Shangazi yangu Gududia, mkamua mafuta, hakuhangaikia nyumba. Alihangaikia kaburi. Kwetu kaburi lina bomba, marehemu humiminiwa humo divai na uji. Likivunjwa, babu atakula wapi?

Alipomwona Maziki, mkubwa wa wabomoaji, anakuja na nyundo, akaanza kumimina.

"Ondoka, mama."

"Huoni mtu anakula? Kwenu mnamtoa mtu kwenye sahani?"

Maziki akashusha nyundo. Hata milimani, marehemu akiwa anakula hasumbuliwi. Akaketi kungoja. Gududia akamimina tone kwa tone. Divai ikaisha, nikamletea uji. Uji ukaisha, nikaleta maziwa mgando.

"Huyu babu yako hashibi?"

"Askari huyu! Lini umeona askari ameshiba?"

Vijana wake wakacheka, naye akacheka bila kutaka. Jua likaanza kushuka. Chungu cha mwisho kikakauka, Gududia akaendelea kukiinamisha hivyo hivyo.

"Mama, chungu kitupu hicho."

"Sasa anatafuna."

Maziki akashika kichwa. "Haya. Shida yangu ni askari kupata mawe ya kujengea. Wasiyaone tu."

Wakalifukia kaburi kwa udongo, wakaacha mdomo wa bomba. Askari waliporudi kujenga ngome, waling'oa mawe ya makaburi yote ya jirani. Letu hawakuliona.

Gududia naye yumo humo sasa, na miguu yangu haifiki tena. Basi wewe uliyesoma, nyanyuka, nenda ukawamiminie. Na usipeleke divai iliyochacha. Gududia atajua.