Goti la Kushoto la Muslima

Saa tatu asubuhi mjini Garsen, bati la kliniki limeshaanza kulia kwa joto. Bahiya Abdulmalik, mhudumu wa kliniki hiyo, anamlaza mtoto mezani, anamkunja magoti na kuzisawazisha nyayo zake. Kisha anainama mpaka macho yake yanalingana na magoti yale.

La kushoto liko chini kuliko la kulia. Anapima tena. Ni vilevile.

"Mshipi niliomfunga uko wapi?" anauliza bila kuinua uso.

Ifrah, mama wa mtoto, anatazama sakafu. Anayejibu ni nyanya, Bi Kadra, mfugaji aliyezoea kusikilizwa.

"Mimi ndiyo nilitoa. Mtoto alikuwa analia usiku yote. Na msichana kulala miguu wazi hivyo ni aibu. Nimenyoosha na mafuta, nimefunga pamoja."

Kwa mtoto mwingine, hayo ni mapenzi ya nyanya. Kwa Muslima, mwenye miezi minne, ni balaa. Kichwa cha mfupa wa paja lake hakijakaa ndani ya kikombe cha nyonga, na miguu ikinyooshwa na kufungwa, mfupa unazidi kuhama. Mshipi ule wa kitambaa ulikusudiwa kumshika akiwa amekunja na kupanua miguu, hadi mfupa uzoee kwao. Mifupa ikishakomaa, dawa ni kisu, na kisu chenyewe kiko mbali na Garsen.

"Kwetu Kipini tunasema, mchelea mwana kulia hulia yeye," Bahiya anasema kwa ukali. Amepima nyonga kwa zaidi ya miaka kumi, wala kubembeleza hakujui. "Watu hunambia nina mdomo. Kweli, ninao. Lakini mtoto akija kuchechemea, atakayesemwa ni mamake, ati kazaa kilema."

Bi Kadra anainuka kufuata maji kwenye mtungi ulio mlangoni. Hapo ndipo Bahiya anapoona: kila hatua, kiuno kinaangukia upande wa kushoto.

"Mama, hebu njoo ulale hapa kidogo."

"Mimi si mgonjwa."

"Najua. Njoo."

Anamnyooshea futi ya fundi cherehani kutoka mfupa wa nyonga hadi kifundo cha mguu. Kulia, kisha kushoto. Mguu wa kushoto umepungua sentimita tatu.

Bahiya anamweleza taratibu kwamba tatizo hili hutembea ndani ya ukoo, na huwaandama zaidi wasichana. Bi Kadra anaketi, mikono magotini.

"Wengine walisema ni jicho. Wengine wakasema ngamia iliniangusha nikiwa mdogo," anasema. "Wadogo zangu wote waliolewa, mimi nikabaki nyumbani miaka mingi. Hakuna mtu alipima."

Analia kimya kimya. Ukali umemwisha Bahiya. Anaketi kando yake, naye Ifrah anampangusa mamake uso kwa ncha ya mtandio.

Baadaye ni Bi Kadra mwenyewe anayeutoa mshipi mfukoni. "Funga," anasema. "Akilia, nitakaa na yeye."

Bahiya ana mpango wa kuwazungukia wakunga, kuanzia kijiji cha Wema hadi Kipini, ili kila mtoto apimwe nyonga kabla ya arubaini yake. Kwa wafugaji anahofia hatasikilizwa, kwa hiyo anamwomba Bi Kadra afuatane naye.

"Wananijua, watanicheka," Bi Kadra anasema, akimbeba mjukuu aliyepanua miguu kiunoni pake. "Wacha wacheke. Nitatembea mbele yao waone, halafu walete watoto."